Jina la Tisa Daftarini

Sadoki, karani na mwalimu wa gereza, alikuwa amechoshwa na Saruni kuliko alivyochoshwa na wafungwa wengine wote wa boma la Arusha. Miezi saba! Miezi saba ya a, e, i, o, u, mzee mzima amekunja uso mbele ya kibao, anauliza kwa nini herufi hii ina mkia na ile haina. Wamisheni waliomfundisha Sadoki kusoma, kule kwao Meru mlimani, hawakumwambia kwamba duniani kuna wanafunzi wa namna hii.

Lakini mzee alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Alifungwa kwa kukataa kubeba mawe ya barabara ya Wajerumani, na gerezani akabebeshwa mawe yale yale. Bwana wa boma alikuwa ameanzisha shule ya alasiri kwa wafungwa, kwa sharti moja tu: atakayesoma karatasi nzima mbele yake bila kukwama anapunguziwa miezi mitatu. Saruni alikuwa amebakiza miezi hiyo hiyo mitatu, na binti yake Namnyaki alikuwa anaolewa mwezi ule ule wa mtihani. Nani angemtemea maziwa ya baraka anapotoka nyumbani, kama si baba yake? Saruni aliuliza hivyo kila siku ya Mungu, mpaka Sadoki akawa analiota hilo swali.

Siku ya mtihani bwana alikuja mikono mitupu. Akaliona mezani daftari la wafungwa, lile analoliandika Sadoki mwenyewe, akalifungua katikati na kusema mfungwa asome hapo.

Sadoki akashusha pumzi. Majina tu, kazi ya mteremko. Saruni akaanza, kidole juu ya karatasi, sauti kavu. La kwanza, la pili, la tano. La nane akalisoma vizuri kuliko ambavyo bwana mwenyewe angelisoma. Kwenye la tisa akanyamaza.

Sadoki akakohoa. Moyoni akamtukana mzee kwa Kimeru, kwa Kimaasai na kwa Kijerumani kidogo alichokuwa nacho. Jamani, miezi saba yote iishie hapa? Kidole cha Saruni kilikuwa pale pale, midomo ameibana. Bwana akasema huyu hajui kusoma, arudishwe kwenye mawe.

Ndipo Sadoki akasogea, akachungulia. Simel. Mdogo wake Saruni, aliyefungwa pamoja naye siku ile ile, akafa kwa homa humo humo gerezani wakati wa baridi. Kwa Wamaasai, watu wa Saruni, jina la marehemu halitajwi, hata kwa kiboko. Na nani alipaswa kulikata tangu siku ya kifo? Sadoki, mwalimu, msomi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Angeweza kunyamaza. Kumwacha maiti kwenye daftari la serikali kulikuwa kosa la viboko, na mgongo ulikuwa wake. Akamtazama yule mzee mbishi, ambaye hata hakumwomba kitu, na hasira zikampanda upya.

"Bwana," akasema, "hilo ni jina la mdogo wake. Amekufa, nami nikasahau kulikata. Kwao hawamtaji marehemu. Asingejua kusoma, asingenyamaza hapo."

Bwana akalitazama jina lile. Kisha akaamuru Saruni aliruke aendelee. Mzee akaenda mpaka la ishirini na nne bila kukwama.

Asubuhi iliyofuata Sadoki alichapwa viboko kumi mbele ya wanafunzi wake. Alasiri alikuwa amesimama uani kwa taabu Saruni alipofunguliwa. Mzee akafunga shuka lake, akapita bila hata asante, akafika langoni, akarudi. Sadoki akajisemea, haya, sasa atasema neno la maana.

"Mwalimu," Saruni akasema, "umeshalikata?"

"Nimelikata, mzee."

"Nionyeshe."

Sadoki akaguna, akaingia ofisini akichechemea, akatoka na daftari. Saruni akainama, akatafuta kwa kidole, la saba, la nane, mpaka kwenye mstari mweusi wa wino. Akauwekea kiganja juu. Kisha akaenda kumwoza binti yake.