Mtungi wa Jumatatu

Jumatano walipokuja kuwafutia Shangazi, Kona nusura agombane na dada wa ofisini mbele ya watu.

Shangazi hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya ramani, imekaa kwenye simu za magari ya kampuni miaka tisa, na madereva waliipa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo aliyezoea kusikilizwa. Ukipitiliza njia alirudia maneno yaleyale, bila kupandisha sauti, na wewe kwenye usukani ukajiona mtoto uliyetumwa chumvi ukarudi na sukari. Kona alimpenda. Alijua lini anabahatisha na lini ana uhakika, na mara mbili tatu alimbishia, akajuta.

Hii mpya haikuwa hata na jina. Dada wa ofisini aliwakusanya uani, akawafundisha kwa nusu saa, akawauliza kama kuna swali. Maswali yalikuwepo tele ila hakuna aliyejua yaanzie wapi. Alhamisi ikampeleka Kona kwenye ukuta na kumwambia amefika. Ijumaa ikawagawa wateja upya, watatu wa kwake wakaenda kwa dereva mwingine bila hata kuagana. Na maswali! Umefunga mlango? Umefunga mkanda? Unaendelea na safari? Kila swali na kisanduku chake, kila kisanduku na NDIYO yake na HAPANA yake. Kufikia Jumamosi Kona alikuwa anabonyeza NDIYO kabla kisanduku hakijamaliza kufunguka.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wanaopumulia nyumbani. Jina la Kona alipewa na wenzake kwa jinsi anavyolipindisha lile gari zito vichochoroni bila mitungi kugongana. Ni kazi ya kubeba, kufunga, kufungua na kuondoka. Asubuhi hasa hapana mchezo, unatua mtungi mlangoni huku mguu mmoja uko njiani.

Ila Jumatatu ilikuwa na raha yake. Kila Jumatatu orodha ilifunguka na jina la Mama Cherehani juu kabisa, saa mbili asubuhi, na kila Jumatatu Kona, kabla hajawasha gari, aliweka kidole juu ya jina lile na kulisukuma pembeni. Kwa Shangazi ukimsukuma mteja pembeni anashuka mwisho wa orodha. Nyumba ya huyu mama ilikuwa njiani kurudi bohari, ana kiti kipana karibu na dirisha, ana chai, na ana mdomo. Alikuwa fundi wa nguo miaka arobaini kabla mapafu hayajamgomea, na hapakuwa na mtu mjini ambaye yeye hakujua kasoro ya mabega yake. Kona alimfanya wa mwisho ili akae. Akae nusu saa, saa nzima, achekwe fulana, acheke na yeye. Aliona ni zawadi anampa. "Yule mama hana mtu," aliwaambia wenzake, akijisikia vizuri.

Basi Jumatatu hiyo, ya kwanza chini ya programu mpya, orodha ikafunguka na Mama Cherehani juu, kwa herufi nyekundu. Nyekundu haikumshtua Kona, programu ile ilipenda nyekundu kama watu wengine wanavyopenda kelele. Kidole kikaenda chenyewe, kikasukuma. Kikaruka kisanduku chenye maandishi marefu. Kona alikuwa ameshajibu maswali saba na geti hajatoka. Akabonyeza NDIYO. Jina likapotea, akaondoa gari.

Siku nzima aligombana na ile simu. Ilimpitisha sokoni saa ya kushusha mizigo. Ilimwambia ageuze gari mahali ambapo hata baiskeli ingeomba msamaha. Ilimzungusha mji mzima, na alipotua mtungi wa mwisho, saa tisa na nusu, ikamwandikia: Hongera, umemaliza safari zote.

Zote? Akapekua orodha juu mpaka chini. Mama Cherehani hayumo. Ndipo damu ikamchemka. Wamempa mtu mwingine, alijisemea, kama wale watatu. Wamenipokonya hata huyu.

Aliingia bohari kwa fujo, akaacha mlango wa gari wazi, akapanda ngazi za ofisi mbilimbili.

"Mmempa nani mama yangu?" akafoka. "Miaka minne namhudumia mimi! Hiyo takataka yenu inagawa watu kama karanga, na nyinyi mmekaa!"

Madereva wawili waliokuwa wakinawa mikono bombani wakasogea kusikiliza. Walikuwa upande wake, na yeye alilijua hilo, akaongeza sauti. Dada wa ofisini alimwacha amalize. Hakuwa mtu wa kelele.

"Hajapewa mtu, kaka," akasema. "Ni wako. Hapa panaonyesha umempelekea saa mbili na dakika nne asubuhi."

"Mimi? Sijakanyaga kwake leo."

Kutoka chini, mtunza stoo akaita. Alikuwa nyuma ya gari la Kona akikagua mitungi iliyorudi.

"Kona! Huu mmoja umejaa. Ni wa nani?"

Dada wa ofisini alikuwa anasoma kwenye kompyuta yake, na uso ulikuwa umembadilika.

"Ulimsukuma pembeni?" akauliza.

"Nilimshusha chini. Kama siku zote."

"Kwenye hii, kusukuma pembeni ni kusema ameshahudumiwa. Niliwaeleza Jumatano." Hakusema kwa kumsuta. "Na ilikuuliza. Ngoja nikusomee. 'Mtungi wa mteja huyu utaisha kabla ya saa sita mchana. Una uhakika umempelekea mtungi mwingine?' Ukajibu ndiyo."

Kona akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

"Inajuaje utaisha saa sita?"

"Mtungi mmoja kwake ni wa siku tatu na nusu, kaka. Mmoja anauleta dereva wa zamu ya usiku Alhamisi jioni, wa pili ni wako, Jumatatu asubuhi. Ndivyo daktari alivyopanga."

Kona hakungoja mengine. Alishuka zile ngazi bila kuziona. Mtunza stoo alikuwa ameshaurudisha mtungi garini na kuufunga mkanda. Dada wa ofisini akachungulia dirishani kumwambia anapiga simu hospitali watume gari la wagonjwa. Kona akainua mkono, akatoka.

Alimpigia mama mwenyewe. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akajiambia yuko bafuni. Akajiambia amelala. Mara ya tatu hakuwa na la kujiambia.

Njia aliijua kwa moyo, lakini jioni ile kujua njia hakukutosha, alitaka kujua ipi imeziba. Akaandika jina la mama kwenye simu ya gari. Ikajibu: Mteja huyu ameshahudumiwa. Akaandika jina la mtaa. Ikamuuliza kama anataka kuanza zamu mpya. Akaipiga kofi, akajiumiza kidole, akashika barabara kubwa kwa kubahatisha. Hakufika mbali. Mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro nusu ya barabara na magari yamejipanga hayaendi mbele wala nyuma. Dada wa ofisini akapiga: gari la wagonjwa limetoka na mtu mwingine, litakuja likirudi.

"Mama anapokea?" akauliza Kona.

"Hapokei."

Aliwaza uso wa mama, kisha akajikataza kuuwaza. Mbele yake kulikuwa na lori la mchanga na nyuma yake mtu wa honi. Akapanda na tairi mbili kwenye njia ya wapita kwa miguu, watu wakamtukana matusi ya kila aina, na kila tusi aliona limempata mwenyewe. Akapenya, akakata kushoto, akasimamisha gari katikati ya kichochoro, akaufungia mtungi kwenye kitoroli na kwenda nao mbio.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama Cherehani alikuwa kwenye kiti cha dirishani, viwiko juu ya magoti, kichwa mbele, mpira wa kupumulia bado puani. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu. Kona aliita, mama akainua kidole kimoja, akimaanisha subiri.

Yuko hai.

Kona akaenda kwenye mtungi wa zamani. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, au unywele tu juu yake. Kwenye kile kichupa kinachoonyesha pumzi ngapi zinatoka, ile gololi ndogo ilikuwa chini kabisa, inatetemeka. Haikuwa kwenye mbili, alipoandika daktari. Haikufika hata nusu. Na kifungulio kilikuwa kimekazwa kwa mkono. Spana ilimwanguka mara mbili. Mwishowe akafunga mtungi mpya, akafungua, gololi ikapanda hadi kwenye mbili, akapiga magoti pale sakafuni na kungoja.

Ilichukua muda. Mabega ya mama yalianza kushuka, kisha midomo ikarudi kidogokidogo. Alipopata pumzi ya kutosha aliitumia kumtania.

"Ni wewe uliyekuwa unapiga simu? Iko chumbani. Hatua kumi na mbili. Nikaona pumzi ya kwenda ninayo, ya kurudi sina."

Kona hakuweza kucheka.

"Mama, walisema utaisha saa sita."

"Ungeisha. Niliupunguza tangu alfajiri." Akapumzika. "Nimezoea. Jumatatu huwa napunguza, nakaa kimya, sisimami, sipiki. Chai naiweka kwenye chupa usiku wa kuamkia, ukija uikute. Leo tu umechelewa zaidi."

"Jumatatu gani?"

"Jumatatu zote, mwanangu. Tangu ulipoanza kuja jioni."

Kona alihesabu bila kutaka. Miaka minne. Kila alipokuwa akiingia pale kwa bashasha, akijitupa kwenye kiti, akimiminiwa chai, mama alikuwa ametoka kushinda kutwa na nusu ya pumzi. Na yeye alikuwa habadilishi mtungi mpaka amalize kikombe cha kwanza, maana hakuwa na haraka.

"Hawakukupanga jioni," akasema. "Walikupanga asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nakusogeza. Kila wiki, kwa kidole changu. Nilitaka kupumzika hapa kwako."

"Najua."

"Unajua?"

"Karatasi ya kwanza waliyoniletea iliandikwa asubuhi. Kusoma najua."

"Sasa mbona hukuwapigia simu, mama? Mbona hukuniambia mimi?"

Mama Cherehani akaunyoosha upindo wa gauni juu ya goti lake.

"Ningekwambia ungekuja asubuhi," akasema. "Nimekuona kwa jirani yangu hapo, asubuhi. Unatua mtungi, unatoka mbio. Hata jina hukumuuliza."

Kona alitamani atukanwe. Mfukoni simu yake ilikuwa inaita, bila shaka dada wa ofisini, na kichochoroni mtu alikuwa anapiga honi gari litolewe.

"Jumatatu ijayo nakuja saa mbili," akasema hatimaye. "Saa mbili kamili. Na jioni nitapita tena, bila mtungi. Nitapita tu."

"Watu wengi hunambia watapita."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayemkumbusha mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Kona akasimama, akatazama mlango, akaitazama gololi kwenye kichupa, imetulia pale kwenye mbili. Honi ikalia tena, ndefu.

"Kalitoe gari lako watu wapite," akasema Mama Cherehani. "Halafu urudi ukae."