Vikombe Sita vya Mzee Abilahi

Kwenye nyumba ya wazee pale Mtanda mwenye kazi alikuwa mmoja tu, naye ni Mzee Abilahi. Wenzake walilishwa, walikumbushwa dawa, walikaa barazani kuwasema watoto wasiokuja kuwaona. Yeye alikuwa na dele lake la shaba, jiko la mkaa na vikombe sita. Miaka arobaini aliuza kahawa stendi ya Lindi, na binti yake alipomleta hapa alitoa sharti moja: bila dele haendi mtu. Kila alasiri, swala ikiisha, anawasha mkaa, anaponda tangawizi, anamimina. Mwenyewe hagusi hata tone, presha ilishamkataza. Kumnyang'anya dele lile ni kumzika mzima, na hilo alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia.

Na usafi je? Lo! Hapo ndipo alipokuwa akijisikia. Hakupi kikombe mpaka akisuuze mbele ya macho yako: chubwi kwenye kopo la maji, akikung'ute, akijaze. "Mimi naosha mteja anaona," alijigamba. "Siyo wale wanaooshea uchochoroni." Na maji ya kopo aliteka mapya kila siku kabla ya kuanza.

Basi Jumatatu moja kuhara kukaingia nyumbani. Akaanza Bi Maftaha, akafuata Twalib, akafuata Musa. Huyu Musa, mtu wa Mingoyo, alikuwa mtani wa Abilahi, na hakuwahi kupitisha alasiri bila kuitukana kahawa yake huku akiinywa. Ndiye aliyelegea kuliko wote. Macho yalizama, dripu ikaning'inia, na ulimi ule mrefu ukanyamaza.

Nesi Warda, binti wa Nangurukuru, mwembamba lakini amri zake nzito, akawahamishia wagonjwa chumba cha mwisho. Sakafu zikadekiwa kwa dawa, ndoo ya koki na sabuni ikawekwa kila mlango, kiporo kikamwagwa. Abilahi akabaki kunung'unika kwamba ugonjwa umeletwa na wageni wa Ijumaa, watu wasio na adabu, kisha akaendelea kuwamiminia waliobaki wazima. Kufika Alhamisi wagonjwa wakawa tisa.

Siku hiyo Warda akamfuata jikoni kwake na daftari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo unakunywa?"

"Leo nauliza. Chakula chetu sufuria moja, maji ya kunywa yanachemshwa pamoja, lakini nusu wanaumwa na nusu wazima. Wewe unawajua wote. Nani anatia nini mdomoni nje ya jiko letu?"

Abilahi akakaa vizuri. Tangu aletwe pale hakuna aliyewahi kumuuliza jambo la maana, na mtu akikuuliza jambo asilolijua mwingine, bwana, kifua hutanuka chenyewe.

"Tuanze na kahawa. Andika. Musa, vikombe vitatu na matusi juu. Maftaha, viwili. Twalib, kimoja na kashata. Saida, viwili..."

Akakwama. Saida alihamishwa asubuhi ile ile. Akayarudia majina kimoyomoyo, na kila jina lilikuwa limelala chumba cha mwisho. Wazima je? Bi Kaniz, ambaye ni wa chai tu. Benedicto, tumbo lake halipatani na kahawa. Wale wasiotoka kitandani. Na yeye mwenyewe. Akalitazama kopo. Maji ya jana yalikuwa bado humo; watu wanne tu ndio waliokunywa, nayo yalishakuwa ya kahawia.

Warda alikuwa ameinama, bado anaandika, hajaona kitu. Angeweza kumwambia majina mengine yamempotea. Nani angemuuliza? Mzee wa miaka sabini na nane kusahau ni haki yake.

"Mwanangu," alisema, "usihangaike na jiko lenu. Ni kopo langu. Midomo ya wote naisuuzia humu."

Laiti angemfokea! Warda alifunga daftari taratibu. "Ahsante, babu. Dele lipumzike mpaka zipite siku saba bila mgonjwa mpya."

Abilahi alizima mkaa kwa mkono wake. Iliuma, tusidanganyane, iliuma sana. Kisha akaenda kusimama nje ya dirisha la chumba cha mwisho, maana ndani haruhusiwi.

"Musa. Ni mimi niliyekutia ugonjwa. Ni maji ya vikombe vyangu."

Musa akamtazama. Akageukia ukutani, na Abilahi akaondoka akijua amempoteza mtani.

Wagonjwa wakapona mmoja mmoja, alhamdulillahi, hakuna aliyezikwa. Siku saba zilipotimia, Warda alileta vikombe thelathini kutoka dukani kwa Jafferali. Utaratibu mpya: mnywaji ananawa kwa sabuni, kikombe kikishatumika kinaingia ndoo ya vichafu, na vyote vinachemshwa kabla ya kesho. Abilahi alivichemsha mwenyewe, mara mbili, hata hakuambiwa.

Alasiri wakaja, wakaketi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bi Maftaha alitazama dari. Twalib akasema leo hajisikii kahawa. Dele likaanza kupoa, na Abilahi akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na jiko lake.

Musa akatokea akishikilia ukuta. Akanawa polepole, kidole baada ya kidole, akajitupa mkekani mbele ya dele.

"Wewe Abilahi," alisema, "siku nne umenitoa utumbo na roho imebaki. Hata kuua huwezi?"

Baraza zima likaguna. Abilahi hakuinua uso.

"Mimina, unangoja nini? Au ulidhani nilikununia siku ile? Nilikosa nguvu za kukutukana, mjinga wewe. Nikaona aibu, nikageukia ukutani."

Abilahi akamimina. Machozi yalimtoka, kahawa ikamwagika hadi mkekani, na hakuna aliyemcheka. Musa akanywa yote, akakunja uso.

"Mbaya vile vile. Ongeza."

Bi Maftaha akainuka kwenda kunawa mikono.