Kichaka Chini ya Gangilonga

Niliota usiku wa jana kwamba jiwe la Gangilonga limekuja nyumbani kwangu kulalamika. Lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mke wangu, karibu na dirisha, na kiti hakikuvunjika. Nikaliamkia mimi kwanza, kwa kuwa limenizidi umri.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene," likajibu. "Mzee Kihwele, umenichora kama mkate."

Kwa wasioujua mji wetu wa Iringa, Gangilonga ni mwamba mkubwa ulio juu ya kilima, na jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Nimeuchora kwa rangi za mafuta mara tano. Nimechora pia boma la zamani, soko, nguzo za mchanga za Isimila na Mto Ruaha Mdogo unavyopita chini ya mji. Jumla picha ishirini na sita, na hakuna hata moja inayoonyesha mtu. Kabla ya kustaafu nilikuwa nachora ramani za viwanja katika ofisi ya ardhi, na kwenye ramani huwa hakuna mtu. Nadhani mkono ulizoea hivyo.

"Mkate wa namna gani?" nikauliza, maana nilitaka kujifunza.

"Uliolala siku mbili," likasema jiwe. "Lakini hilo silo lililonileta. Asubuhi unaipaka vanishi ile picha yangu ya tano. Ukishapaka, mlango umefungwa. Aliye ndani atabaki ndani, aliye nje atabaki nje. Na wewe una mtu wako mle ndani."

Hapo inabidi niseme ukweli kuhusu picha hiyo, ingawa sipendi.

Mke wangu Leokadia alifuatana nami kila Jumamosi nilipokwenda kuchora. Alikaa kulia kwangu, ameshika mwavuli mweusi juu ya picha ili jua lisinidanganye rangi, na chupa ya chai ameibana katikati ya miguu. Tulifanya hivyo miaka kumi na mbili. Siku moja akaniuliza, "Baba Sikujua, picha zote hizi, mbona mimi simo?" Sikujua ndilo jina la binti yetu, aliyeolewa Mpanda.

Basi nikamchora, amesimama chini ya mwamba. Akatoka kama kichuguu. Leokadia alicheka hadi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Nilichukua rangi ya kijani nikamfunika kwa kichaka, kichaka kinene kabisa, tukarudi nyumbani bila kusemezana. Sasa ni miaka saba. Leokadia alifariki mwaka juzi. Nimebaki na picha mbili za kamera, na zote mbili amefumba macho kwa sababu ya jua. Siku hizi nikijaribu kuukumbuka uso wake, unanijia umefumba macho.

Na Jumamosi hii saa nne asubuhi Bwana Chaula, mwenye nyumba mpya ya wageni, anakuja kuichukua picha hiyo ya tano aitundike mapokezi. Amesisitiza ing'ae.

"Naingiaje humo?" nikaliuliza jiwe.

"Kwa miguu. Ila vaa koti."

Navaa koti. Napiga hatua moja kutoka kwenye mkeka, niko kwenye njia ya vumbi ndani ya picha. Jua ni la saa tano na halisogei, kwa sababu ndivyo nilivyolichora. Mbele kuna kizuizi, na anayekilinda ni brashi yangu namba nane, ile iliyonyonyoka nywele nikaiweka pembeni.

"Umevaa tabaka ngapi?" inauliza brashi.

"Mbili. Shati, halafu koti."

"Kanuni unaijua. Tabaka lenye mafuta kidogo linakaa chini, lenye mafuta mengi linakaa juu. Vinginevyo utapasuka."

Kanuni hiyo ni ya kweli kwa rangi za mafuta, niliisoma kwenye kijitabu. Sikujua kama inahusu na nguo.

"Koti lako lina mafuta kuliko shati?"

"Ndilo ninalovaa nikikaanga maandazi," nikasema. "Tangu mke wangu afariki nakaanga mwenyewe."

Brashi ikalinusa koti kwenye mkono wa kushoto, ikainua kizuizi. "Pita," ikasema. "Na pole kwa msiba."

Tangu mwaka jana hakuna aliyenipa pole. Watu huona imetosha. Niliishukuru sana ile brashi, na nikajuta kuiacha kwenye kopo bila kuiosha.

Baada ya kizuizi njia inakata kona, na nyuma ya kona si mlima tena, ni ofisi ya ardhi. Kaunta ni ileile. Aliyekaa nyuma yake ni tyubu ya rangi nyeupe, amebinywa tumboni, kofia yake haifungi vizuri.

"Jina la unayemtafuta?"

"Leokadia Kihwele."

Anafungua ramani. Namjua huyo anayefungua ramani polepole, nilikuwa mimi. Anapitisha kidole kwenye viwanja vyote vya mji.

"Hayumo."

"Alikuwa amekaa kulia kwangu. Nje ya fremu."

"Nje ya fremu si eneo letu," anasema Rangi Nyeupe.

"Lakini mara moja nilimwingiza. Yuko chini ya kichaka."

"Ulimwombea kibali?"

"Hapana. Alitaka mwenyewe."

Anatikisa kichwa, tone linamdondoka. "Mzee, sikiliza. Kitu kilicho mbali huwa kidogo, na huwa cha buluu. Wewe ndiye uliyewafundisha vijana wa ofisi hii. Sasa huyo wako ameondoka lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa sita."

"Basi tafuta kitu kidogo sana, cha buluu sana." Akanigongea muhuri kwenye kiganja. Muhuri haukuwa na maandishi, ulikuwa mstari mnyoofu tu.

Natoka kwa mlango wa nyuma. Njia imenyooka, inazidi kuwa nyembamba kuelekea chini ya mwamba, na miti ya pembeni inapungua kimo. Mwishoni kabisa kuna nukta ya buluu. Naifuata.

Natembea. Koti linapungua, viatu vinapungua, mimi napungua. Nikitazama mikono, imekuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Njia nzima hakuna mtu. Hakuna anayeuza kitu, hakuna anayefua, hakuna hata mbwa. Mito yangu haina wachota maji, na soko langu, nililolipita kushoto, ni paa na nguzo na kimya. Nikakumbuka nilivyokuwa nasubiri watu wapite ndipo nichore, tena nikikasirika wasipopita upesi. Nilipiga kelele, "Hodi!" Sauti ikarudi. Nikaona upweke ule nimeupaka mwenyewe, tabaka kwa tabaka, na nikaogopa.

"Usisimame," likasema jiwe kutoka juu. "Asubuhi inakaribia. Na utaona unavyopungua ndivyo anavyoacha kupungua."

Ilikuwa kweli. Kadiri nilivyokuwa mdogo, ile nukta iliacha kuwa nukta. Ikawa kichaka. Nilipofika tulilingana, kichaka na mimi.

"Shikamoo," kikasema.

"Marahaba. Naomba unipishe."

"Siwezi, nimekauka. Miaka saba sasa. Nipo hapa sina mizizi, sina jina, hata ndege hatui. Mimi ni mti gani, kwani?"

Nikaona haya. "Wewe si mti wowote," nikasema. "Wewe ni kijani tu."

"Nilidhani hivyo," kikasema kichaka, wala hakikukasirika. "Rangi iliyokauka haifunguki mpaka aliyeipaka aseme kwa nini aliipaka. Kwa nini uliniweka hapa?"

"Upande huu wa picha ulikuwa mwepesi. Ulihitaji kitu cha kuulemeza."

Kichaka hakikufunguka. Hakuna jani lililotikisika. Kutoka ndani nikasikia mtu anakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Ni kikohozi ninachokijua.

"Nilipaka kwa sababu alicheka," nikasema. "Alicheka picha mbaya, na ilikuwa mbaya kweli, nami nikaona amenicheka mimi. Sikujua kuchora mtu. Badala ya kukubali, nikamfuta. Na jioni ile aliniandalia maji ya kuoga kama kawaida, sikumshukuru. Leokadia, nimekukosea. Na uso wako unanipotea."

Kikaloa. Nilikigusa kwa dole gumba, kikasogea kama ugali ambao haujashikamana. Nikasukuma, nikasukuma, kijani kikaenda pembeni, na Leokadia akatokea.

Alikuwa kichuguu vilevile. Kahawia hapa, nyekundu kidogo ya kitenge pale, na mahali pa uso palikuwa na alama moja ya brashi. Lakini sauti ilikuwa yake.

"Umechelewa, Baba Sikujua."

"Nilipitia ofisini."

"Na wewe kwa ofisi! Bado unavaa hilo koti?"

"Bado."

"Linanuka mafuta. Hujui kupunguza moto, ndiyo maana." Kisha akasema, "Sogea nikuone." Nikasogea, ingawa hakuwa na macho.

"Ngoja nikuchoree uso," nikamwambia. "Niambie tu nyusi zako zilikaaje."

"Uso uache, utaharibu tena." Hapo alicheka, na safari hii nilicheka naye. "Mimi nataka kukaa, mume wangu. Nimesimama miaka saba. Hukunipa kivuli, na huku asiye na kivuli haruhusiwi kukaa chini. Miguu inaniuma."

Miaka saba. Jambo dogo hivyo, la dakika moja, na kwenye kijitabu liko ukurasa wa kwanza. Nikapiga magoti. Brashi sikuwa nayo. Nikachukua kidogo kile kijani kilicholoa, nikakichanganya na buluu ya mkono wangu mwenyewe, nikampaka kivuli chini ya miguu kwa dole gumba. Kikashika.

Leokadia akakaa. "Aaa," akasema. Alivyokaa nilimkumbuka wote: bega la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya mwavuli, magoti pamoja, kichwa kimeinamia upande wangu. Sikuhitaji tena zile picha za kamera.

Hapo tone la kwanza likaanguka. Lilikuwa zito, lina rangi ya asali, na pale lilipoanguka vumbi likang'aa likaacha kutimka.

"Vanishi!" likasema Gangilonga kwa sauti ileile ya kawaida. "Nilikwambia."

Natazama juu. Mkono mkubwa umeshika brashi pana, unashuka. Ni mkono wangu, naujua kwa saa ninayoivaa.

"Basi nabaki," nikamwambia Leokadia. "Nibaki humu nawe. Nje hakuna mtu. Naamka, nakaanga, nakula, nalala. Kiti chako kiko wazi. Nibaki."

"Utakaa wapi?" akauliza, bila ukali. "Hujajichora."

Nikatazama chini. Kweli, nilikuwa sina kivuli. Katika picha zote ishirini na sita mimi pia simo. Tulikuwa nje wote wawili, yeye kulia, mimi kushoto, na chupa ya chai.

"Nenda kazuie huo mkono," akasema. "Kimbia, Baba Sikujua. Na moto upunguze."

Nikakimbia. Nilivyokimbia nikawa mkubwa, viatu vikawa vikubwa, soko likapita, ofisi ikapita, brashi namba nane ikanipigia saluti, matone yakinifuata kisigino. Nikaruka nikaukamata ule mkono kwa mkono wangu mwingine.

Nikaamka. Nilikuwa nimekaa kitandani, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. Nje kulikuwa kumekucha, jirani anafagia uwanja. Picha ilikuwa kwenye kigoda chake, imeegemea ukuta, kopo la vanishi kando yake, halijafunguliwa. Mwamba, njia, kichaka. Kila kitu mahali pake. Nikajiambia ndoto ni ndoto, nikaenda kunawa.

Maji kwenye beseni yakageuka rangi. Dole gumba langu la kulia lilikuwa la kijani. Rangi ya kijani iliniishia Krismasi iliyopita, na sijanunua nyingine.

Nikarudi kwenye picha. Nikakigusa kichaka kwa kidole kidogo, taratibu. Kilikuwa kibichi.

Saa mbili Bwana Chaula akapiga simu. "Shikamoo mzee. Vanishi tayari?"

"Marahaba. Bado. Rangi haijakauka."

"Haijakauka? Si uliniambia uliichora miaka saba iliyopita?"

"Ndiyo. Imeloa tena."

Akalainisha sauti, kama watu wanavyoilainisha siku hizi wakiongea nami. "Haya. Basi nije lini kuichukua?"

Nilikuwa nimeshasogeza kiti changu mbele ya picha, upande wa kushoto, na kile kingine nimekiweka kulia.

"Usije, mwanangu," nikamwambia. "Hiyo picha ina mtu. Ndiyo kwanza amekaa."