Brashi za Chumba cha Wanawake

Mimi ni mbishi, na sioni haya kulisema. Purity alipoanza kunikera kwa habari ya kupanga brashi zangu, nilimwuliza kama amewahi kuniona nikitafuta brashi nikaikosa.

"Dada Mapenzi," alisema, "una brashi mia mbili na kumi na mbili humu. Majina yake ni Brashi 1, Brashi 2, Brashi 2 mpya, Brashi 2 mpya kabisa. Siku ukiugua nani atajua ipi ni ipi?"

"Siugui."

"Na zikipotea?"

"Zipotelee wapi? Kompyuta yenyewe haitoki nje."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Studio yetu iko Mji wa Kale, kichochoro cha pili nyuma ya Ndia Kuu. Purity hukaa mbele akipokea wateja na kupiga picha za paspoti. Mimi hukaa chumba cha nyuma, na kazi yangu ni kutengeneza picha za kupamba. Siku ya kupamba, bibi arusi hukalishwa mbele ya wanawake peke yao, kichwa wazi, dhahabu hadi kiunoni, hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, hadi viwikoni. Simu huachwa mlangoni. Sasa picha za shughuli kama hiyo si za kuonwa na kila mwenye macho, ndiyo maana chumba changu kina sheria zake. Mwanamume haingii, hata fundi wa umeme hungoja tufunike skrini. Mtandao hakuna. Kazi ikiisha, hutoka albamu moja na flashi moja, mkononi mwa mama wa bibi arusi, na hakuna kingine. Kisha mama huyo huketi nyuma yangu, nami nafuta kila kitu akiona kwa macho yake.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, Jumapili niko kwaya. Lakini wako akina mama wa mji huu wanaonipa mimi picha za binti zao na kuwanyima wifi zao. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba ananipenda kwa sababu sina wa kumsimulia.

Sasa, hizo brashi. Piko huharibika. Bibi arusi hutoa jasho, hushika glasi, hukumbatiwa na shangazi arubaini, na kufikia wakati wa picha ua zima limekuwa doa. Kazi yangu ni kulirudisha. Nachukua ua zima lililosalia mkononi, nalisafisha mpaka libaki jeusi tupu juu ya weupe, kisha naiambia programu ilifanye brashi. Baada ya hapo nikibonyeza mara moja, ua hilo linakaa popote ninapotaka, kwa ukubwa ninaoutaka. Kwa miaka minne nilikuwa nimekusanya maua, majani, mikufu ya vidoleni na pindo za viganjani. Hakuna aliyenifundisha. Nilipokuwa nayo hayo, nilijiona fundi, na nilikuwa fundi kweli.

Jumatano saa nne asubuhi akaja Bi Mwanabaraka wa Kibokoni kuchukua albamu ya binti yake Salha. Mwenye studio, Bi Fariha, alikuwa amekwenda Kilindini kufuatilia karatasi za picha, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili tu. Bi Mwanabaraka ni mwanamke mpana, mtaratibu, anayeketi kama aliyekuja kusikiza kesi. Salha alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri kwenda Muscat na mumewe, na albamu ilikuwa iende naye ndani ya mizigo yake.

Tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani hadi zikaisha, nikampa albamu na flashi. Flashi akaitia kifuani. Nikafuta picha mbele yake.

"Zimekwenda wapi?" akauliza.

"Zimefutika, mama."

"Dada yangu asema picha zikifutwa zaingia kikapuni."

Nikamwonyesha kikapu, nikakimwaga.

"Na nyuma ya kikapu?"

Hapo ndipo ubishi wangu uliponipanda. Sipendi kutiliwa shaka katika kazi yangu. "Mama," nikasema, "nitaifuta kompyuta nzima, ibaki kama siku iliyotoka dukani. Utaridhika?"

"Nitaridhika sana."

Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza tena. Nikasema kwa sauti, ili mgeni asikie, kwamba nina hakika kabisa.

Wakati mashine inajisafisha, Purity alileta chai na mahamri, Bi Mwanabaraka akafungua albamu. Alisifu. Alisema mashaallah mara nyingi hata nikaanza kuona haya. Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausogeza karibu na macho.

"Hichi kidole chafanya nini?"

Nikaangalia. Ilikuwa picha ndogo upande wa chini: Salha ameketi kitini pake, mama yake amemwinamia. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kitupu. Katika picha zote za mkono huo ua la kidole gumba lilikuwa limefutika, nami nililirudisha moja moja, picha thelathini na nane. Hii moja niliipita.

"Nisamehe, mama. Dakika kumi tu. Nipe flashi, nitaitengeneza na kuichapisha upya."

Flashi ikatoka kifuani. Programu ilibidi iwekwe upya, tukangoja nusu saa nyingine. Ilipofunguka nikaenda moja kwa moja kwenye brashi zangu, nikakuta vidoti vya mviringo, vile anavyopewa kila mtu duniani anayeifungua programu hiyo kwa mara ya kwanza. Nikashuka chini ya orodha. Nikapanda juu. Vidoti.

Nilikuwa kama aliyehama nyumba akachoma takataka, na masufuria yake yakiwa ndani yake. Picha nilizikumbuka, programu niliikumbuka, lakini brashi sikuwahi kuzihesabu kuwa kitu kinachokaa mahali. Zilikuwa zangu tu, basi. Miaka minne. Sikulia kwa sababu mgeni alikuwepo, lakini nilitaka sana kulia.

"Purity," nikaita. Sauti yenyewe ilimleta mbio.

Aliangalia skrini, akaniangalia mimi, kisha akafunga mlango nyuma yake. "Usinikasirikie," akasema polepole. "Jumatatu ulipokwenda kula, nilizihifadhi. Zote, kwenye faili moja. Ziko kwenye flashi yangu, ndani ya mkoba."

Furaha iliyonipata haikudumu hata kidogo, maana nyuma yangu kikombe kiliwekwa juu ya kisahani.

"Yaani kuna kitu kimetoka humu?" Bi Mwanabaraka akauliza.

Nikageuka. Tangu Jumatatu, chembe za mikono ya mabibi arusi wa mji huu zilikuwa zimelala kwenye mkoba wa Purity, zikivuka naye Makupa kwenda kwake na kurudi, pamoja na tikiti za kanisa na chapstiki. Neno moja la mama huyu katika shughuli ijayo, na hakuna mwanamke wa Kibokoni wala Kuze ambaye angetuletea tena picha hata ya mtoto wa siku saba.

"Si picha, mama," Purity akasema. "Hakuna sura ya mtu. Ni brashi."

"Brashi n'nazo nyumbani za kusugulia choo. Hebu n'onyesha hizo zenu."

Ningeweza kumwomba Purity aikanyage flashi ile iishe, na pengine mambo yangeishia hapo. Sikutaka. Nilizitaka brashi zangu. Nikamwambia Purity ailete, nikaichomeka, nikamsogezea Bi Mwanabaraka kiti.

"Utaziangalia zote, mama. Utakayosema ifutwe, naifuta."

"Na ukisema zote," akaongeza Purity, "tutazifuta zote." Nilimtazama vibaya, lakini lilikuwa limeshasemwa.

Nikabonyeza ya kwanza juu ya karatasi nyeupe. Ua la petali tano likatokea. Bi Mwanabaraka akainamisha kichwa.

"Hili la Mutanu wa Majengo. Yeye tu ndiye hutia tone katikati. Mkono wake mzito."

Nikabonyeza ya pili.

"Jani la korosho. Hili latoka Lamu, lilikuja na yule bibi aliyeolewa hapa Mkanyageni. Sasa kila mtu hulichora." Akanywa chai. "Mwaliitaje?"

"Brashi 2."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba watoto wangu sikuwapa majina.

Ikawa kazi. Mimi nabonyeza, yeye anataja, Purity anaandika. Jani la korosho. Ua la Mutanu. Mkufu wa kidole. Pindo la kiganja, lile jembamba, na lile nene ambalo Bi Mwanabaraka alisema halipendi, ni la watu wa mikono minene. Purity akaanza kuyatenga: maua kundi lake, majani lake, pindo lake, na ndani ya kila kundi jina la mchoraji. Bi Mwanabaraka hajawahi kushika kompyuta maishani mwake, lakini alitupangia maktaba. Aligundua maua manne niliyokuwa nimeyahifadhi mara mbili. Ua moja aliniamuru nilifute kwa sababu ni baya tu, hakuna sababu nyingine, na nilipobisha akasema basi nilibakishe nikitaka aibu. Nikalifuta.

Adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda kuswali chumba cha mbele, akarudi, akaketi pale pale. Hofu yangu ilikuwa imeshapungua hadi nikaanza kumtania. Ndipo tukafika safu ya mwisho. Brashi kumi na mbili.

Nikabonyeza. Akasogeza kiti karibu na skrini. Nikabonyeza nyingine.

"Na hizi?" akauliza.

Ningeweza kusema ni za yeyote. Ua ni ua. "Za Salha," nikasema. "Za mkono wake wa kushoto. Nilizichukua ili kutengenezea ule wa kulia."

"Kisha ukaziweka."

"Nikaziweka."

"Ulin'omba?"

"Sikuomba, mama. Sijawahi kumwomba yeyote. Miaka minne." Nilipolisema kwa mdomo wangu ndipo niliposikia lilivyo. Nilikuwa nalinda picha za watu kwa sheria zote zile, huku nikichuma mikononi mwao bila hodi.

"Zifute hizo."

Nikazifuta, moja moja, zote kumi na mbili. Purity akafungua mdomo kutukumbusha kwamba bila hizo kidole cha Salha hakitengenezeki, akaufunga.

"Sasa omba," akasema Bi Mwanabaraka.

Nikasimama, maana nilihisi si ombi la kuombwa nimeketi. "Mama, naomba ruhusa ya kuchukua maua ya mkono wa mwanao, na kuyaweka."

Akafikiri. "Mkono si wangu," akasema. "N'ngojee." Akatoa simu, akampigia Salha, akaweka sauti ya wote kusikia. Alimweleza yote tangu kikapu hadi brashi za choo, hakuacha kitu, na kwa kila aibu yangu aliongeza chumvi kidogo.

Salha alicheka sana. "Maua na wachukue, mama. Kwangu yatafutika wiki ijayo, afadhali yabaki mahali. Lakini hicho kidole ni cha picha gani?"

"Ile wewe umeketi, nami nimekuinamia."

Salha akaacha kucheka.

"Wewe hukumbuki, mama? Ulikuwa walia. Uliniinamia kunitengenezea mkufu, ukaanza kulia, na mimi piko haijakauka. Nikakufuta machozi kwa kidole hicho. Ndicho kilichoharibika."

"Mimi?"

"Ukazunguka shughuli nzima na weusi shavuni, na hakuna aliyethubutu kukwambia."

"N'lidhani ni wanja," akasema Bi Mwanabaraka. Alishika shavu. "Siku tatu nimelisugua. N'memtukana muuza wanja wa watu."

Mimi nilitazama chini. Doa hilo nililijua. Nililikuta shavuni mwake katika kila picha, nikadhani ni uchafu, nikalisafisha kwa makini, na nilijisifu moyoni kwamba mama wa bibi arusi ametoka msafi. Nikawaambia. Singeweza kukaa nalo.

"Mmelifuta katika zote?" Salha akauliza kwenye simu.

"Zote," nikasema. "Ila hiyo moja. Niliipita."

Bi Mwanabaraka akaichukua albamu akaenda nayo dirishani, kwenye mwanga. Akakiangalia kidole kitupu cha binti yake, kisha akajiangalia mwenyewe, na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mbaazi chini ya jicho lake. Salha alikuwa akiita mama, mama, wanisikia? Mama mwenyewe alikuwa akilia, na safari hii ilimbidi ajifute mwenyewe.

"Hii msiiguse," akasema, akaifunga albamu.