Siipendi Radi ya Saba

"Siipendi," Amenan alisema, akakiweka kishikio cha gemu juu ya benchi taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichomshinda.

Mbele yake, kwenye televisheni kubwa ya banda la Sinali, mpiganaji wake, Mpiga Ngoma, alikuwa amelala chali vumbini. Watu zaidi ya ishirini waliobanana kwenye mabenchi walikuwa bado wanamshangilia Zadi, wengine wamempanda mabegani. Kelele zilichukua muda kukatika. Kisha mmoja wa waliokuwa nyuma akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema haipendi."

"Haipendi nini?"

"Radi ya Saba."

Banda zima likaangua kicheko. Mtaani Yopougon, mtu angeweza kusema hapendi samaki, au hapendi timu ya taifa, akaachwa aende zake. Lakini Radi ya Saba ilikuwa imesubiriwa miaka minne. Sinali, mwenye banda, alikuwa ameipaka kuta rangi upya kwa ajili yake. Ilikuwa na siku nne tu tangu ifike, na kila aliyeigusa aliondoka akiapa kwamba hakuna gemu nyingine duniani.

"Umepigwa, dada," Zadi alisema, bado anahema. "Sema umepigwa. Gemu haina kosa."

"Nimepigwa. Na siipendi."

"Angekushinda babu yangu, ungesema hata babu humpendi!"

"Babu yako simjui. Hii naijua."

Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na ukali ndani yake. Amenan hakuwa mtu wa kupita njia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, msusi, na alianza kucheza Radi akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa kusimama juu ya kreti la soda ili aione skrini. Alikuwa bingwa wa banda lile mara tano. Sura yake ilichorwa mlangoni, mashavu yakiwa yamevimba kupita kiasi, kwa sababu mchoraji alikuwa na haraka. Sasa bingwa huyo alikuwa anaitemea mate sahani waliyokula wote.

Alijaribu kuwaeleza. Katika Radi zote za zamani, alisema, Mpiga Ngoma hupiga pigo la kwanza, la pili, halafu unangoja. Unangoja kitambo kidogo, kama pumzi moja, ndipo unabonyeza la tatu. Ukiwahi, linakufa. Ukichelewa, unapigwa wewe. "Pale katikati ndipo mchezo ulipo," alisema. "Pale unaogopa. Pale mwenzako naye anaogopa. Sasa wameondoa. Unashika kitufe kimoja, mapigo yote matatu yanajipiga yenyewe, na taa zinawaka utadhani harusi. Mimi nimekaa hapa nafanya nini? Namtazama mtu mwingine akicheza."

"Uzee huo," kijana mmoja alisema.

"Ndivyo hivyohivyo atakavyokuwa anachukia mawigi," Zadi akatia neno, "kwa sababu yanamharibia biashara ya kusuka."

"Mawigi nayapenda. Ninayo matatu."

Hata yeye Zadi ilimbidi acheke. Lakini Sinali hakucheka. Alimfuata Amenan hadi mlangoni, mikono nyuma, kanzu yake ya bluu ikiburura vumbi.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wiki mbili kutoka kesho, Jumapili, tuna mashindano hapa. Mshindi anakwenda kwenye mashindano makubwa ya Dakar, tiketi imeshatoka. Watu watakuja kutoka Abobo, kutoka Treichville. Wewe ndiye uliyechorwa mlangoni. Kama huipendi, kaa na ulimi wako nyumbani. Usinichafulie banda."

"Mzee, nimesema neno moja tu."

"Neno moja ndilo hilo."

Jioni hiyo aliandika neno lake kwenye kundi la simu la wapenzi wa Radi, kwa urefu na bila kutukana mtu. Kufika asubuhi alikuwa ameshaitwa mchawi, bibi kizee, mwenye wivu, na mtu aliyelipwa na watengenezaji wa gemu nyingine. Mmoja alimwandikia kwamba kama haipendi ya saba, basi hata zile sita zilizopita hakuwahi kuzipenda kweli. Hilo ndilo lililomuuma. Alilisoma mara mbili, akaizima simu na kuitia ndani ya kopo la mafuta ya nywele lililokwisha.

Kibanda chake cha kusukia kilikuwa nyuma ya soko, chini ya bati. Jumatano alikuwa amempakata kichwa Mama Korotoum, mteja wake wa miaka mingi, muuza vitenge aliyetaka mistari membamba ya kwenda harusini. Amenan alisuka bila kutazama, macho yake nje, vidole vikigawanya nywele tatu tatu.

"Leo unanivuta," Mama Korotoum alilalamika.

"Samahani, mama."

"Mwanamume?"

"Gemu."

"Heri lingekuwa la mwanamume. Hilo ningekushauri."

Ndipo Zadi alipoingia. Hakusalimia vizuri. Alivuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya Mama Korotoum, akaweka mkono wake wa kulia juu ya goti. Ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vingine vilibaki kwenye msumeno wa karakana ya mbao miaka miwili iliyopita, na tangu hapo Zadi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichuana na Amenan kila Jumamosi, aligeuka kuwa mshangiliaji. Alikuja bandani, alikaa, alipiga makofi. Alipocheza, alicheza kwa kuchekesha watu.

"Umeandika kule kwenye kundi," alisema.

"Nimeandika."

"Umeandika kwamba hii ni gemu ya watu wasiojua kucheza."

"Sikusema hivyo. Nilisema gemu inacheza badala ya mtu."

"Na mimi ni mtu gani, Amenan?"

Vidole vya Amenan vikasimama kichwani mwa Mama Korotoum.

"Miaka miwili," Zadi alisema. "Miaka miwili nimekaa kwenye lile benchi nikiwapigia makofi. Ule mngojo wako unaousifia, kwangu mimi ulikuwa mlango uliofungwa. Kidole cha kubonyeza hakipo. Usiku naota nakibonyeza. Halafu inakuja gemu inasema, haya, Zadi, kitufe kimoja, ingia. Jumamosi nilikupiga. Nilikupiga wewe! Nililala nikicheka peke yangu. Naamka, nasoma kwamba nilichofanya si kucheza."

Amenan hakuwahi kuliwaza hilo. Ukweli ndio huo, na ulimpanda usoni kama moto wa jiko. Aliuona ule mkono kila siku, alikuwa ameuzoea, na kwa kuuzoea akaacha kuuona.

"Sikufikiria," alisema.

"Najua hukufikiria. Basi andika kwamba ulikosea. Au hata usiandike, nyamaza tu. Watu wasahau."

Mama Korotoum, aliyekuwa ameinamisha kichwa, aliinua jicho moja kuangalia huyu na yule.

Ingekuwa rahisi kukubali. Amenan alilihisi neno "sawa" likija hadi kwenye meno. Kama angelitoa, Zadi angetabasamu, Sinali angetulia, kundi zima lingemwita dada yao tena. Lakini alijua pia kwamba Jumamosi ijayo angekaa mbele ya ile skrini, Mpiga Ngoma akijipigia mwenyewe, naye moyoni angekuwa anasema lilelile, ila sasa kwa kujificha.

"Nilipoandika vibaya juu ya watu, nitaomba radhi," alisema. "Nitaomba kwa jina lako kama unataka. Nimefurahi unacheza, Zadi. Wallahi nimefurahi. Lakini gemu siipendi. Yote mawili ninayo tumboni, siwezi kulitapika moja."

"Kwa hiyo hata kwa ajili yangu hubadilishi wazo."

"Ungekuwa unaninyamazia wewe mambo usiyoyapenda, nisingekuita rafiki."

Zadi aliinuka. "Ungeshindwa mara mbili tatu zaidi tu," alisema, "tungejua kama ni gemu au ni kiburi." Akatoka bila kuaga, kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Mh," Mama Korotoum alisema. "Suka, mwanangu. Nina harusi."

Siku ileile Amenan aliomba radhi kwenye kundi kwa mistari mitatu, akasema aliandika kwa pupa kuhusu wachezaji, na mwishoni akaongeza: *Gemu yenyewe bado siipendi.* Kisha akaenda kwa Sinali kuandikisha jina lake.

Mzee alimkodolea macho. "Unaichukia na unataka kuishindania?"

"Wanasema siipendi kwa sababu inanishinda. Nataka niwaondolee hiyo."

Kwa siku kumi alikuwa wa kwanza kufika bandani asubuhi, kabla wateja wa nywele hawajaamka. Alijifunza Radi ya Saba kama mtu anayejifunza lugha ya wakwe asiowapenda. Alishika kile kitufe kimoja. Alihesabu ni lini taa zinawaka, ni lini zinazima, mpinzani anaweza kupenya wapi. Kadiri alivyoijua ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Hapakuwa na siri humo iliyomponyoka. Aliifungua hadi mshono wa mwisho, akakuta hakuna mahali pa kuogopa.

Jumapili banda lilijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha. Jua la mchana lilichoma bati, feni mbili zikawa zinasukuma hewa ileile ya moto. Amenan alipoketi kwa mara ya kwanza walimzomea. Akashinda. Walimzomea zaidi mara ya pili, akashinda. Alimtoa yule wa Abobo aliyekuja na wapambe wanane. Alimtoa kijana aliyemwita mzee, bila kumwangalia. Ilipofika saa kumi walibaki wawili, na wa pili alikuwa Zadi.

Walikaa bega kwa bega kama zamani. Zadi alikuwa anatokwa na jasho hadi kishikio kikawa kinamteleza, akakifuta kwenye shati, akakibana kwa vile vidole vitatu.

Raundi ya kwanza akachukua Zadi, na banda likataka kuezuka. Ya pili akachukua Amenan. Katika ya tatu, damu za wapiganaji wao wawili skrinini zilipobaki robo, Amenan aliona nafasi mbili: moja ya kumaliza na moja ya kuchelewa kidogo, kidogo tu, bila mtu kugundua. Labda mmoja angegundua. Aligeuza macho haraka, akauona uso wa Zadi kwa upande: kinywa wazi, shingo imenyooka, mtu aliyekuwa hai kila sehemu ya mwili wake.

Akashika kitufe. Mpiga Ngoma akajipigia mapigo yake matatu. Taa zikawaka.

Mpiganaji wa Zadi akaanguka. Kisha Sinali akapanda juu ya benchi na kipaza sauti, akamvuta Amenan mkono. "Bingwa mara sita!" alisema, akiwa anacheka kwa utulivu wa mtu aliyeokoa banda lake. "Haya, binti, sasa waambie watu. Umeshinda. Sasa unaipenda?"

Amenan alikitazama kipaza sauti.

"Hapana."

Miluzi ikapaa. Mtu akarusha chupa tupu, ikagonga feni.

"Basi mwachie tiketi mwenye kuipenda!" sauti ilitoka dirishani. "Huwezi kuiwakilisha gemu usiyoipenda!"

"Gemu siiwakilishi. Itajiwakilisha yenyewe, si inajicheza?" Wachache wakacheka bila kutaka. "Mimi naiwakilisha Yopougon. Tiketi ni yangu, nimeshinda mbele ya macho yenu, na Dakar nitakwenda. Na huko wakiniuliza, nitawaambia hivihivi. Zile sita nitazipenda hadi nazikwa. Hii siipendi. Anayeipenda aipende, wala simzuii, wengine wanaipenda kwa sababu ambazo mimi sikuzijua. Lakini kunifundisha kusema uongo juu ya Radi, mimi niliyeicheza nikiwa juu ya kreti, hapana. Nimemaliza, mzee."

Akashuka.

Nje alimkuta Zadi ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa jirani, sahani ya garba mapajani, attiéké ya muhogo na vipande vya jodari wa kukaanga, pilipili kibao. Alisogea kidogo. Amenan akakaa.

"Nilikuona unanitazama," Zadi alisema.

"Lini?"

"Mwishoni. Ungeniachia, nisingekusemesha hadi kufa."

"Najua."

Walikula. Upande wa bahari mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi, na wauza viatu wa barabarani walianza kuvuta maturubai yao.

"Mimi bado naipenda," Zadi alisema. "Naipenda kuliko zote."

"Haya."

"Na ukirudi kutoka Dakar nitakupiga."

"Labda."

Kutoka bandani kelele zilikuwa hazijaisha, ila zimebadilika. Watu walikuwa wanabishana wao kwa wao. Sauti ya yule kijana aliyemwita Amenan mzee ilipanda juu ya zingine, nyembamba, kama ya mtu anayeungama: "Na mimi basi niseme! Mimi ile ya tano sikuipenda! Sikuwahi!" Banda zima likalipuka.

Amenan aliacha tonge hewani. "Ya tano? Amesema ya tano?"

"Kaa, ule."

"Ya tano ina kosa gani?" Alikuwa ameshasimama, anajifuta mkono kwenye kitenge. "Huyu mtoto ana wazimu. Naja."

Akaingia, na sauti yake ikasikika mara moja, juu ya zote. Zadi alibaki ngazini. Matone ya kwanza yalianza kupiga lami, makubwa, yamepishana. Alitenga samaki upande mmoja wa sahani, akamfunika kwa karatasi, na kwa mkono wenye vidole vitatu akaishikilia karatasi ile upepo usiichukue.