Nyumba Yetu Imetoa Mtu

Wazazi wenzangu wenye watoto wa mbio, msifanye nilivyofanya mimi.

Elinaza wangu alianguka mazoezini, pumzi zimembana. Daktari akampima, akasema hana tatizo. Sikuamini. Kila akifunga raba, moyo wangu ulienda mbio kuliko yeye. Zikiwa zimebaki siku tatu timu yao ishuke mjini Same kushindana, nikamzuia ndani, nikamtuma mdogo wake, Wema, akakimbie mazoezini badala yake. Niliona ni sawa tu. Si ndivyo tunavyofanya kwenye msaragambo? Pembe ikilia twende kuchimba mfereji, kila nyumba inatoa mtu mmoja, basi.

Roho haikutulia, nikamfuata Wema mlimani. Wale wasichana watano wa timu ya Elinaza walikuwa wameshafika juu. Wema yuko chini kabisa, anatapika kando ya shamba la tangawizi. Nikajua watamcheka. Jamani! Waligeuka wote, wakaushuka mlima walioupanda kwa jasho. Stumai, mwenye kasi kuliko wote, akamshika mkono.

"Twende, mdogo wangu. Hapa hafiki mtu mpaka wafike wote."

"Siwezi, dada."

"Nani kakuuliza? Piga hatua."

Wakapanda naye polepole, wakimtania eti anapumua kama pikipiki ya mchungaji. Nilisimama nimeziba mdomo kwa kanga.

Juu, kocha wao, mwalimu Dorkas, akaniamkia. "Shikamoo, mama. Elinaza anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi. Ila nyumba yetu imetoa mtu."

Wasichana wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akawageukia: "Kanuni mlitunga wenyewe. Semeni."

Stumai, rafiki wa mwanangu tangu chekechea, akainamisha kichwa. "Anayekosa mazoezi wiki ya mwisho bila kuumwa, hakimbii. Hata awe Elinaza."

Jumamosi pale Same, jua linachoma, mwanangu hakukimbia. Nilingoja anune. Alibeba kidumu cha maji, akawa anakimbia pembeni ya njia, anawaita wenzake jina kwa jina mpaka sauti ikakauka. Wakawa wa pili. Pengo lilikuwa lake, kila mtu alijua.

Wa mwisho wao alipomaliza, hawakukaa chini. Walirudi wote watano, wakamshika Elinaza mikono, wakavuka naye ule mstari upya, yeye na kidumu chake. Mimi nilipiga magoti vumbini.

Kifua chake kilikuwa kizima siku ile nilipomzuia. Woga ulikuwa wangu, nikamvisha yeye. Mama mwenzangu, ukiogopa, nenda kaongee na kocha. Usimfungie mtoto ndani.