Sentimita Nane, Nyayo Zilezile

Simu ya kliniki ilinikuta juu ya ngazi, napaka rangi dari la ofisi ya watu, na nusura nimwage ndoo nzima. Nimekubaliwa! Vipimo vyote safi, mifupa mizima, na baada ya wiki tatu naingia chumba cha upasuaji. Daktari atakata mfupa wa kila mguu chini ya goti, ataufunga vyuma, kisha utavutwa milimita moja kwa siku mpaka nipate sentimita nane. Nane! Kutoka mia hamsini na sita hadi mia sitini na nne. Nilichotakiwa ni kuwapigia kabla ya mwisho wa wiki kuthibitisha tarehe. Nilishuka ngazi nikiimba.

Sina la kuficha: mimi ni mfupi, na wenzangu kazini waliniita Nukta tangu siku ya kwanza. Nimecheka nao miaka yote, kicheko cha meno tu. Mchumba wangu ananizidi vidole vinne. Yeye hajawahi kulitaja. Mimi ndiye ninayelipima kila tukipita mbele ya kioo.

Ila jambo moja lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyayo. Navaa kiatu namba thelathini na saba, na daktari aliniambia waziwazi kwamba mfupa utarefuka lakini unyayo utabaki ulivyo. Nikajiona barabarani, juu nimekwenda, chini nimechongoka. Wataacha kuniita Nukta, waanze kuniita Bikari, ile ya kuchorea duara. Sasa mtu akatwe mifupa, alale na vyuma miezi, kisha abadilishiwe jina la utani tu? Haiwezekani.

Nikaenda kwa shangazi yangu, fundi viatu. Karakana yake ni chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi, na ukutani zimening'inia kalibu za mbao zenye umbo la mguu, kila moja na jina la mteja kwa chaki.

"Shikamoo, shangazi. Nataka kiatu ambacho nje ni arobaini na mbili, ndani thelathini na saba."

"Marahaba. Na huyo atakayekivaa, nje ni nani na ndani ni nani?"

Mficha uchi hazai. Nilimweleza yote, mifupa, vyuma, nyayo, Bikari. Nilijiandaa kwa mahubiri. Badala yake aliweka nyundo chini, macho yakimng'aa.

"Miaka thelathini nashona viatu vya watu, hakuna aliyewahi kuniletea mtihani mtamu namna hii! Mbele tutajaza ngozi ngumu, pua isibonyee. Na soli, baba, tutaiinua sentimita nane kamili. Tukuone ulivyo kabla hawajakugusa. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

Nilitaka kumbeba. Furaha yake ilichochea yangu, tukawa kama watoto wawili wanaounda gari la waya.

Sasa, shangazi ana utaratibu wake na haujali wewe ni nani. Kiatu hakipati mshono wa mwisho mpaka mteja akitembeze mjini nusu siku, kisha arudi atoe ripoti: kinabana wapi, kinalia wapi, nani kasema nini. Kila neno analiandika kwa chaki chini ya soli. Wateja hulalamika, wengine wana haraka zao, lakini viatu vyake havirudi kutengenezwa.

Siku ya tano asubuhi alinivisha. Suruali ilikuwa imeshonwa ndefu makusudi, ikafunika soli yote, ikaacha pua tu. Nikasimama. Jamani! Niliona vumbi juu ya kabati. Niliona mkasi.

"Shangazi, kuna mkasi huku juu."

"Mkasi wangu! Tangu mwaka juzi nimemsingizia jirani!"

Alinigeuza mbele ya kioo. Nilikuwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe nilimpenda. Nikafanya mazoezi ya kutembea kati ya meza na mlango hadi nikaacha kuyumba.

"Haya nenda," alisema. "Kila atakayetazama nyayo zako, mhesabu."

Nikatoka. Nilianzia kazini, penye ndimi kali kuliko zote. Mlinzi wa getini aliniangalia, nikakaza mwili.

"Fundi, leo umeng'aa! Umepata tenda nini?"

Basi. Hakuteremsha macho. Ndani, msimamizi alikuwa anachanganya rangi. "Nukta! Mbona una uso wa bwana harusi?" Nilisimama mbele yake makusudi, mguu mmoja mbele, kiatu arobaini na mbili kikimtazama usoni. Akaniuliza kama ile rangi imekolea. Vijana wawili wa kupiga lipu walinipungia mkono wakaendelea na ubishi wao wa mpira. Kila hatua nilijisikia naruka. Nyayo hazionekani! Hakuna anayejali!

Nikamalizia duka la miwani, anakofanya kazi mchumba wangu. Yule kazi yake ni macho. Anapima macho ya watu kutwa nzima, na kama kuna kiumbe angegundua, ni yeye. Alikuwa anamjaribishia mzee mmoja fremu. Aliponiona akainuka, akaja hadi niliposimama, tukawa pua kwa pua.

"Wewe leo una nini? Unacheka mpaka masikioni."

"Sina kitu."

"Na hapo sikioni una rangi." Akaifuta kwa kitambaa cha lenzi, akanipigapiga begani, akarudi kwa mzee wake. Nilisubiri kidogo pale mlangoni. Akaniuliza kama nimesahau kitu.

Nilirudi kwa shangazi karibu kwa mbio. "Hakuna! Hakuna hata mmoja aliyetazama nyayo! Hata yeye!" Nilicheza katikati ya karakana, nikashikilia meza nisianguke.

Shangazi alinikalisha, akauinua mguu wangu, akaandika chini ya soli. "Nyayo, sifuri. Kiatu kimefaulu." Chaki ikabaki hapohapo. "Na urefu, wangapi wameuona?"

Nikairudia njia yote kichwani: mlinzi, msimamizi, vijana, mchumba wangu pua kwa pua.

"Hakuna," nikasema.

Kisha hasira zikanipanda. "Sentimita nane nzima! Wana macho ya kazi gani? Nitarudi niwaulize mmoja mmoja!"

Hakunibishia. "Sasa waliona nini?"

"Waliona nacheka."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akaliandika na hilo, kwa utulivu uleule anaoandikia kiatu kinachobana kidole gumba. "Vua," akasema.

Nikavua. Sakafu ilikuwa baridi. Kabati likarudi juu, nami nikasubiri unyonge wangu unipande kama kawaida. Haukuja. Miaka ishirini nimepita barabarani nikiamini mji mzima umeshika futi unanipima, kumbe kila mtu ana shughuli zake! Nilikuwa na hasira, nikawa na furaha, vyote kwa pamoja, na furaha ikawa nyingi zaidi.

"Bado unacheka," shangazi alisema.

Nikachukua simu, nikawapigia kliniki, nikawaomba nafasi yangu wampe mtu mwingine. Dada wa mapokezi alinisikitikia, akaniuliza kwa upole kama nimeogopa vyuma.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Nimeshinda mrefu tangu asubuhi, na hakuna aliyejua."